Kitanda cha Kujifunzia Kusimama

Watu wa mtaa wetu pale Temeke walizoea kusema kwamba mie nilianguka kazini. Sikuanguka kazini, na ubishi wote uliofuata ulianzia hapo. Nilianguka siku ya Jumapili kutoka kwenye lori la kiwanda, tukitoka Mbagala kuchimba msingi wa darasa. Miaka ile Azimio lilikuwa bado bichi masikioni, na Jumapili ya kujitolea hakuna aliyeikosa ila mgonjwa au mfiwa. Tulipanda lori na majembe yetu na sufuria za uji, tukaenda tukiimba, tukarudi tukiimba. Nilikaa nyuma kabisa, nimeegemea bao la kufungia lori, kwa sababu nilipenda upepo. Dereva akakwepa mbuzi, pini ikachomoka, bao likafunguka. Hayo nimesimuliwa. Ninachokikumbuka mwenyewe ni kwamba nilikuwa katikati ya kiitikio, kisha wimbo ukakatika.

Wakati huo nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimeolewa, sijapata mtoto, na nilikuwa fundi wa mashine ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo. Nasema fundi kwa makusudi. Wanawake wengi walioajiriwa pale walifagia au walifungasha. Tuliopewa mashine tulikuwa wachache, na kila mmoja wetu alikuwa ameipata kwa kugombana na mtu.

Mume wangu alikuwa muuzaji katika duka la ushirika la mtaa. Mtu mpole, mrefu, asiyependa sauti kubwa. Baba yangu aliishi nasi uani tangu mama alipofariki. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na uani kwetu kulikuwa na vumbi la mpingo kila mahali, hata kwenye mchele.

Nililala wodini bila kujitambua muda ambao mume wangu hakupenda kuuhesabu, nami sikumlazimisha. Alichonisimulia ni habari za nesi mmoja. Alikuwa mama wa makamo, mkazi wa Tandika, wenyewe wodini walimwita Sista tu. Alikuwa akija kitandani kwangu mara kwa mara na tochi, ananifunua kope, anamulika jicho moja, halafu la pili, halafu anafunga mpira wa presha mkononi na kusikiliza. Miguu ya kitanda upande wa kichwa aliinyanyua kwa matofali.

Baba alipoyaona matofali yale hakupendezwa. Kwa mawazo yake mgonjwa mahututi hulazwa sawasawa, apumzike.

"Binti yangu atateleza hapa," alisema.

"Hatateleza, mzee," Sista alimjibu. "Ubongo wake umevimba. Nikimlaza kichwa chini, damu inajaa mle na haina pa kwenda. Nikimnyanyua sana, damu haifiki. Hapo katikati ndipo ninapopatafuta, na napatafuta kila nikimpima. Usiyaguse matofali yangu."

Baba hakuyagusa. Lakini mume wangu alisema mzee alichuchumaa, akapima kwa viganja urefu wa yale matofali, kisha urefu wa kitanda.

Siku niliyofumbua macho, neno langu la kwanza lilimfanya mume wangu acheke na kulia pamoja. Niliuliza, "Nani kashika mashine yangu?"

Basi wote wakajua nimerudi. Na mie nikajua hivyo hivyo. Nilimtambua kila mtu, nilikumbuka njia ya nyumbani, niliweza kutaja aina za nyuzi. Pua tu ndiyo iliyokuwa imekufa. Uji wa wodini ulinukia sawa na maji. Nikasema hilo si kitu, pua haifumi. Nikaomba niinuke niende msalani.

Waliniketisha. Kwanza masikio yakajaa uvumi. Halafu mwanga wa dirisha ukawa wa kijivu, ukasinyaa kutoka pembeni kuja katikati. Nilitaka kusema "nishikeni", nikasikia mdomo wangu unatoa kitu kingine kabisa, maneno yasiyo maneno. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa, Sista amenishika kiganja, mume wangu yupo ukutani amekuwa wa majivu.

Ilikuwa hivyo kila waliponiketisha. Daktari kijana, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni ng'ambo, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda na kunieleza bila haraka. Alisema mishipa ya damu ya ubongo ina akili yake. Mtu mwenye afya akisimama, damu huteremka kidogo kwenda miguuni, na mishipa ile hujipanua mara moja ili kichwa kisipungukiwe. Presha ikipanda, hujibana. Mwenye kichwa hana habari. Pigo kubwa likiingia, mishipa hupumbaa. Inakaa tu kama mpira wa kumwagilia bustani: mkondo ukija mkubwa inapokea mkubwa, ukija mdogo inapokea mdogo.

Hilo nililielewa upesi. Kwenye mashine ya kufuma pana kifaa kinachoachia nyuzi taratibu, kikaze au kilegeze chenyewe, ili mkazo uwe ule ule gogo la nyuzi likijaa na likiisha. Kikiharibika, nguo inatoka na mawimbi.

"Kinatengenezeka?" nikamuuliza.

"Mara nyingi kinajirekebisha chenyewe," alisema. "Lakini kinahitaji kufundishwa. Uinuliwe kidogo kidogo, na upimwe kila unapoinuliwa. Nchi za wenzetu kuna vitanda maalumu vya kazi hiyo. Sisi hatuna."

Akamgeukia mume wangu. "Kwa sasa nyumbani asikae ghafla wala asisimame. Akianguka tena na kujipiga, sitaahidi kitu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo mume wangu aliyoyabeba hadi nyumbani. Yale ya kufundishwa aliyaacha wodini.

Sitamsema vibaya. Aliniogesha, alinilisha, alinibebea choo bila kukunja uso, mwanamume mwenye kazi yake na heshima yake mtaani. Asubuhi kabla hajaenda dukani alinifunika shuka, akaweka maji karibu, akasema, "Usiinuke, mke wangu." Mchana alikimbia kuja kuniangalia. Jioni aliuliza, "Hujainuka?" Viatu vyangu alivificha juu ya kabati. Jirani wakija kunipa pole aliwatoa mapema, kwamba kelele zinaumiza kichwa. Nikabaki naangalia boriti za dari. Nilizijua zote, na matundu yote ya dumuzi.

Siku moja nikamwambia, "Mie nataka kusimama."

"Utasimama."

"Lini?"

"Ukipona."

"Nitaponaje nikiwa nimelala?"

Alikunja shuka pale miguuni, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuona ukifa mara moja. Mara ya pili sitaki."

Nilimwonea huruma, na hasira zangu zikabaki pale pale. Tena zilizidi, maana ni vigumu kumkasirikia mtu anayekubeba.

Katika siku hizo ndipo ilipokuja habari kutoka kiwandani. Mfanyakazi mwenzangu wa shifti alipita kunijulia hali akasema ofisa utumishi ametamka mbele za watu kwamba nafasi yangu itajazwa. Kwanza, alisema, yule mama hakuumia kazini, Jumapili si siku ya kazi. Pili, mtu aliyeumia kichwa hawezi kurudishwa kwenye mashine, ni hatari kwake na kwa mali ya umma.

"Alisema hivyo?" nikauliza. "Jumapili si siku ya kazi?"

"Alisema."

"Yeye si ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wasiokwenda?"

Mwenzangu akacheka, akaziba mdomo. Mie sikucheka. Tulipochimba msingi tulikuwa wafanyakazi wa kiwanda, tulipanda lori la kiwanda, tulipigiwa makofi kama wafanyakazi wa kiwanda. Nilipoanguka, nikawa mama fulani aliyekuwa akitembea Mbagala. Mwenzangu alipoondoka nikamwita baba.

"Baba, yale matofali ya hospitali uliyapima?"

"Niliyapima."

"Nitengenezee kitanda kinachoinuka."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniangalia, akaangalia mlango ambao mume wangu angeingilia jioni. Katika mila zetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na mzee alikuwa anakaa katika nyumba ya mkwewe. Lakini kesho yake nilisikia msumeno uani.

Alitengeneza kwa mbao za mninga. Kilikuwa kama mlango uliolazwa juu ya fremu nzito, na mwisho wa miguu kimeungwa na fremu kwa bawaba, kikawa na ubao wa kukanyagia. Upande wa kichwa ulinyanyuliwa, ukaegemezwa kwa mti uliokaa kwenye meno. Kila upande wa fremu ulikuwa na meno yaliyochongwa kupanda juu. Ukisogeza mti jino moja, mgonjwa anainuka kidogo. Ukifika jino la mwisho, mgonjwa anakaribia kusimama wima, miguu yake imekanyaga ubao. Mikanda ya kunifungia ilikuwa khanga zangu mwenyewe, moja kiunoni na moja magotini.

Sista alikuja kukiangalia baada ya zamu yake. Kutoka Temeke hadi kwake Tandika si mbali, na alikuwa na mpira wa presha ndani ya kikapu pamoja na mchicha. Alikizunguka kile kitanda mara mbili, akaminya mbao, akamwambia baba ubao wa miguuni uinuliwe kidogo na mti wa kuegemezea uongezewe unene. Baba akaurekebisha ubao. Mti akasema unatosha.

Haukutosha. Siku ya kwanza, tupo jino la pili, mti ulipiga kelele, ukavunjika, nami nikashuka na kitanda chote kwa kishindo. Sikuumia, maana nilikuwa nimefungwa na nimeshuka kidogo tu. Lakini mume wangu alikuwa ndiyo anaingia. Alikuja kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Alifungua zile khanga, akanibeba hadi chumbani, akarudi. Nilisikia mbao zikiburuzwa hadi nje ya ua, kwenye mchanga wa barabarani.

"Baba, nakuheshimu," nilimsikia akisema. "Lakini si kwa binti yako. Binti yako mwache alale."

Sista, aliyekuwepo na kipimo chake, alisema, "Shemeji, mti ndio uliokosa unene. Mgonjwa hakukosa kitu." Mume wangu alimwomba radhi, akamfungulia mlango wa ua aende zake.

Kesho yake, alipokwenda dukani, niliteremka kitandani. Sikuketi. Nilijiviringisha hadi sakafuni kwa kulala, kisha nikatambaa kwa tumbo, kichwa chini, kanzu yangu ikifagia sakafu. Nilipita ukumbini mwa nyumba ile ya vyumba sita, nikapita mbele ya milango ya wapangaji wenzangu. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele aliinuka anikamate.

"Niache," nikamwambia. "Sijachanganyikiwa. Nakwenda kitandani kwangu."

Nikatoka hadi nje kwenye jua, kwenye mchanga, mbele ya watu waliokuwa foleni ya bomba. Kitanda kilikuwa pale pale kilipotupwa. Nikajipandisha juu yake, nikajilaza chali na kuita kwa nguvu zote, "Baba! Niinue!"

Sijawahi kuona aibu kwa siku ile, ijapokuwa walinisema mwaka mzima. Kuna waliosema nimepandwa na jini la barabarani. Kuna mzee mmoja aliyeshauri nipungwe. Baba alikuja na tezo mkononi na mti mpya wa mvule, mnene kama mguu wa meza ya ofisi. Kumbe alikuwa ameuchonga tangu alfajiri, wala hakuniambia. Akaufunga, akajaribu kwanza kwa uzito wake mwenyewe, akautikisa. Halafu akanifunga zile khanga.

"Jino moja tu," alisema.

"Jino moja," nikasema.

Mtu alikwenda kumwita mume wangu. Alipofika, akihema, nilikuwa nimeshainuliwa jino la kwanza na natukana mbuzi wa Mbagala kwa sauti kubwa ili kila mtu ajue sijazimia. Alisimama. Nilidhani atakibeba tena. Badala yake aliketi mchangani akashika kichwa, na watu wa foleni, kwa adabu zao, wakaangalia ndoo zao.

Jioni ile hatukugombana. Alisema, "Nikurudishie kitanda ndani, basi. Kama utafanya, usifanye barabarani."

"Na wewe?"

"Mie nitakuwepo."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Sista alikuja kila alipopata nafasi, na ndiye aliyetufundisha namna ya kunipima. Kabla ya kuinuliwa, presha na mapigo ya moyo. Baada ya kila jino, tena. Kipimo kilikuwa cha kwake, na aliposhindwa kuja tuliacha. Lakini jambo moja lilimshangaza, nalo lilitusumbua sote. Presha yangu mara nyingi ilikuwa nzuri. Zebaki ilipanda pale inapotakiwa, mapigo yapo sawa, na bado maneno yangu yalianza kupotea, uso unanyauka.

"Mkono una damu ya kutosha," alisema, akiwa ameshika mpira. "Kichwani ndiko isikofika. Kipimo hiki kinanionyesha mkono tu."

"Kichwani tutapima kwa nini?" mume wangu aliuliza.

Sista alifikiri. "Kwa mdomo wake. Damu ikipungua, maneno ndiyo yanayotangulia kuharibika. Aongee muda wote anapoinuliwa. Asinyamaze hata kidogo. Akikosea neno, shusheni jino moja. Mkibishana baina ya kipimo na mdomo, uaminini mdomo."

Aliniambia nitaje majina ya miezi. Nikataja, nikachoka. Akaniambia nihesabu kurudi nyuma. Nikamwambia mie si mtoto wa darasa la kwanza.

"Basi sema unachotaka, dada. Lakini sema kitu kinachohitaji kufikiri."

"Nataka kugombana na ofisa utumishi."

Sista alicheka mpaka mpira ukamponyoka. "Gombana naye," alisema.

Nikaanza. Nilimwambia yule bwana, asiyekuwepo, kila kitu. Nilimweleza habari za Jumapili. Nilimwuliza kama msingi wa darasa alidhani umejichimba. Katikati ya sentensi nilitaka kusema "mashine" nikasema "mashuka", mume wangu akashusha jino mara moja, kabla ya mtu kumwambia. Nilikasirika kwa kukatizwa. Nikaomba nirudie.

Tatizo la kugombana na hewa ni kwamba hewa haijibu. Siku chache baadaye nilikwama, sina jipya la kusema. Tulikuwa jino la tatu, na nilikuwa nanyamaza, na kunyamaza kulikuwa hatari. Ndipo mume wangu, yule mpole asiyependa sauti kubwa, alipojikohoza, akakaza shingo, akasema kwa sauti nzito ambayo sikuijua, "Ndugu, mbona unapoteza muda wa ofisi?"

Nilimkodolea macho.

"Ofisi ina kazi nyingi, ndugu. Sema shida yako."

"Shida yangu ni wewe!" nikamwambia.

"Mali ya umma si ya kuchezea. Ukizimia ndani ya mashine nani atajibu?"

"Nani alijibu nilipoanguka kwenye lori lako?"

Baba, aliyeshika mti, aligeuza uso pembeni, mabega yanatikisika. Tukaenda hivyo. Mume wangu akawa ofisa mbaya kuliko ofisa mwenyewe. Alitafuta hoja akiwa dukani, akipima sukari, jioni anakuja nazo. Alinibana. Kuna siku alinishinda kabisa, nikalia kwa hasira, na Sista akatazama machozi yangu akasema maneno yote yapo sawa, pandisheni jino.

Haikuwa safari ya kupanda tu. Palikuwa na wiki tuliyorudi hadi chini, joto la Desemba, kila nikiinuliwa mwanga unasinyaa. Nilikata tamaa siku moja nikasema kiacheni, kichomeni kuni. Baba alisema kuni za mninga zina moshi. Ndiyo maneno pekee aliyosema, akaendelea kupiga msasa meno ya fremu yasinikwaruze. Tukaendelea. Polepole uvumi wa masikioni ukaja kwa kuchelewa, halafu ukaja na kuondoka wenyewe nikiwa bado naongea. Nilihisi jambo fulani kichwani likishika, siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Kama mkono ulioshika kamba.

Siku niliyofungua khanga na kukanyaga sakafu, nilikuwa katikati ya kumwambia ofisa kwamba sitaketi mpaka anijibu. Nikashuka kwenye ubao huku naendelea kusema. Nikasimama. Nikasema mpaka mwisho wa hoja. Mume wangu alisahau kuwa ofisa. Sista aliharakisha kufunga mpira mkononi mwangu nikiwa nimesimama, akapima, akapima tena, akavua.

"Mkono na mdomo vinakubaliana," alisema.

Baada ya hapo nilitembea kwanza uani, kisha hadi bombani, kisha hadi dukani kwa mume wangu, ambako nilijipanga foleni kama watu wengine. Daktari kijana aliniona, akaniandikia kwamba ninaweza kurudi kazini kwa uangalizi. Na mie nikaenda kiwandani kumwona ofisa wangu.

Ofisa utumishi hakuwa jitu. Nilikuwa nimemchonga kichwani mwangu kwa muda mrefu hata nilisahau kwamba ni bwana mfupi mwenye miwani, na kwamba alikuwa na mafua siku ile. Pembeni yake aliketi mjumbe wa kamati ya wafanyakazi.

"Karibu, mama. Kaa," alisema, akinyoosha mkono kwenye kiti.

"Ahsante, ndugu. Nitasimama."

"Lakini wewe ni mgonjwa."

"Ndiyo maana nataka unione nimesimama."

Akasoma ile karatasi ya daktari. Akasema tunashukuru Mungu, na kiwanda kimefurahi, na kuna nafasi ya kukunja nguo kwenye chumba cha kufungasha, kazi ya kukaa. Alisema kwa wema. Nadhani alidhani ananipa zawadi.

"Mie ni fundi wa mashine," nikasema.

"Ni kwa usalama wako. Ukizimia ndani ya mashine nani atajibu?"

Nilitaka kucheka. Yalikuwa maneno yale yale, neno kwa neno, na mpima sukari wa duka la ushirika alikuwa ameyasema vizuri zaidi.

"Ndugu, swali hilo nimelijibu mara nyingi," nikamwambia. "Niweke kwenye mashine moja badala ya zile nilizokuwa nazo. Mnyapara asimame nyuma yangu. Nikipotewa na neno au nikikosa uzi, nitoe mwenyewe, nami nitakwenda kukunja nguo bila kinyongo. Lakini usinitoe kwa kitu ambacho hujakiona. Na jambo la pili. Kwenye jalada langu pameandikwa sikuumia nikiwa na kiwanda. Nataka pafutwe. Sitaki chochote juu yake. Nataka iandikwe nilikuwa wapi, kwa sababu nilikuwa pale, na jembe la kiwanda mkononi."

Akapenga kamasi. Akasema la pili liko juu ya uwezo wake. Mjumbe wa kamati akasema, "La kwanza liko ndani ya uwezo wako."

Nilikuwa bado nimesimama. Kichwa kilikuwa safi kabisa.

"Wiki mbili," alisema ofisa. "Kwa majaribio."

Lile la pili sikulipata, si siku ile wala baadaye. Nililiandikia barua, nikalisemea mikutanoni, nikalirudia kila alipokuja ofisa mpya, hata likawa jina langu la utani pale kiwandani. Pua nayo haikurudi. Mpaka leo nanusa kwa kuuliza watu. Na bado zipo asubuhi ambazo nikiinuka haraka dirisha linakuwa la kijivu, nami nasimama nimeshika ukuta, nasema chochote kwa sauti hadi mwanga urudi. Lakini majaribio yale yalipita, nikaongezewa mashine ya pili na ya tatu, na nikafuma kwa miaka mingi, na wanawake walionikuta pale hawakulazimika kugombana kama tulivyogombana sie.

Siku ya kwanza kurudi, mnyapara alisimama nyuma yangu kama nilivyoomba. Uzi ulikatika mapema. Niliinama, nikaukamata, nikafunga fundo, nikainuka taratibu kama nilivyofundishwa, nikawasha. Alikaa hadi chai ya saa nne, akaona anachelewesha kazi zake, akaondoka. Jirani yangu wa mashine alinisukumia kigoda kwa mguu. Nikakisukuma kirudi.

Shifti ilipokwisha nilitoka getini na wenzangu. Mume wangu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na baiskeli aliyoazima, amefunga gunia nyuma liwe laini.

"Panda," alisema.

"Natembea."

"Umesimama siku nzima."

"Nimeona."

Hakubisha. Aligeuza baiskeli, tukaenda pamoja kwa miguu, yeye akiisukuma upande wa magari, mie upande wa ndani, na nilimweleza habari za uzi uliokatika, za kigoda, za mnyapara, bila kupumzika. Tulipita madukani, tukapita uwanja wa mpira, na jua lilikuwa bado lina makali. Tulipofika kwenye mchanga mzito unaoanza kabla ya mtaa wetu, magoti yaliniambia basi.

"Simamisha," nikamwambia.

Akasimamisha. Nikajiweka juu ya lile gunia, nikapanga khanga yangu vizuri, nikamshika kiuno.

"Nimepanda kwa sababu nimetaka," nikasema.

"Sijasema kitu," alijibu, na akaanza kukanyaga.